Majukwaa Matupu: Je, Mchawi ni Kiingilio?

Katika Ligi Kuu Bara kuna jambo ambalo ukilitazama juujuu utadhani kanuni za soko zimepinduliwa. Mechi ya Simba na Yanga ndiyo yenye kiingilio cha juu kuliko zote za ligi, na ndiyo inayojaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi ya watu 60,000. Siku chache baadaye mmoja wa watani hao anaikaribisha timu ya mkoani, kiingilio kimeshushwa, na kule mzunguko, kwenye majukwaa ya bei ya chini, mtu anaweza kujilaza akitaka. Mgeni asiyejua mpira, akipewa karatasi yenye safu mbili tu, bei na idadi ya watazamaji, angeshauri tupandishe bei ili watu waje.

Ni ushauri wa kuchekesha. Lakini yule anayetuambia kila msimu kwamba viwanja vitajaa tukishusha kiingilio anasoma karatasi ileile, ila ameishika kichwa chini. Wote wawili wameitenga bei na kitu kinachouzwa. Dabi ya Kariakoo ni ghali kwa sababu watu wengi wanaitaka. Bei imewafuata watu, si watu walioifuata bei. Anayetaka kujua nguvu halisi ya kiingilio inabidi aifuate ligi moja kwa miaka mingi, aone bei ikipanda na kushuka huku mambo mengine nayo yakibadilika.

Ligi yenye kumbukumbu nzuri za kazi hiyo ni ya Uingereza. Msimu wa 1948/49 mechi za madaraja yake yote zilihudhuriwa mara zaidi ya milioni 41. Vita ilikuwa imekwisha, watu walikuwa na kiu ya burudani, na burudani zenyewe zilikuwa chache. Tangu hapo idadi ikaanza kuteremka, ikiinuka kidogo hapa na pale, hadi msimu wa 1985/86 ilipogusa chini kabisa: kama milioni 16.5. Kwa kila tiketi kumi zilizokatwa miaka ile ya neema, sita zilikuwa zimepotea.

Sababu zilikuja moja baada ya nyingine. Televisheni iliingia sebuleni. Familia zikanunua magari, na Jumamosi ikawa siku ya matembezi na manunuzi. Miji iliyoishi kwa viwanda na migodi ikapoteza ajira. Kisha zikaja vurugu za mashabiki na ubovu wa viwanja wenyewe. Mwezi Mei 1985 pekee, moto katika jukwaa la mbao la Bradford uliua watu 56, na wiki chache baadaye watu 39 walikufa Heysel, Brussels, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Baba gani angemshika mwanawe mkono kumpeleka mpirani mwaka huo? Ni kweli kwamba viingilio navyo vilipanda katika miaka hiyo, na bila shaka viliwafukuza baadhi.

Sasa tazama kilichofuata. Aprili 1989 yakatokea maafa ya msongamano katika Uwanja wa Hillsborough, ambayo hesabu ya waliokufa imefika watu 97. Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ikazilazimisha klabu kubwa kuweka viti kwa kila mtazamaji na kusafisha viwanja vyao. Mwaka 1992 ikaanza Ligi Kuu. Kuanzia hapo viingilio vilipaa kuliko wakati wowote, kwa kasi iliyoipita mbali ile ya bidhaa za kawaida, na watu wakarudi. Kama bei ndiyo ingekuwa mchawi, basi miaka ya 1990 ndiyo ingeizika soka ya Uingereza. Badala yake majukwaa yalijaa, hadi leo tiketi za klabu kubwa zinasubiriwa kwa orodha.

Wachumi wa michezo wamelipima hilo kwa miongo mingi, na wengi wao hufika mahali pamoja: kiingilio kikipanda kwa asilimia 10, watazamaji hupungua, lakini kwa chini ya asilimia 10. Kikishuka, huongezeka, lakini tena kwa uchache kuliko tulivyotarajia. Bei ina nguvu, ila ni nguvu ndogo.

Kwa nini iwe ndogo? Jibu linapatikana kwa kupiga hesabu ya siku nzima ya shabiki, si ya tiketi peke yake. Tuseme kijana anaishi Bunju, mechi iko Temeke, na kiingilio cha mzunguko ni shilingi 5,000. Daladala mbili za kwenda zinaweza kumla 1,500. Chakula na maji, kwa bei za pale nje ya uwanja, weka 3,500. Mechi inaanza saa 1:00 usiku, kwa hiyo inamalizika karibu saa 3:00, na mpaka atoke katika msongamano daladala za upande wake zimeanza kuadimika. Sehemu ya njia atapanda bodaboda: weka 5,000 kwa safari nzima ya kurudi. Siku imemgharimu 15,000. Klabu ikifanya ukarimu mkubwa na kukata kiingilio kwa nusu, kijana wetu amepunguziwa 2,500, yaani sehemu moja ya sita ya gharama. Na hapo hatujahesabu saa saba alizokuwa nje ya nyumbani, wala kazi ya kesho asubuhi.

Hapo kiingilio kinaonekana kwa umbo lake halisi: ni sehemu moja ya bei, na ni sehemu pekee ambayo klabu huizungumzia. Kusogeza mechi kutoka saa 1:00 usiku kwenda saa 10:00 jioni ya Jumamosi kungemwokolea fedha nyingi kuliko punguzo la tiketi. Mechi ya saa 10:00 jioni siku ya Jumatano ni kinyume chake. Hata ukiifanya bure, mwenye ajira yuko kazini na muuza duka yuko dukani.

Wakenya wanaijua hesabu hii kwa uchungu wao. Kwa vipindi virefu Nyayo na Kasarani vilifungwa kwa ukarabati, City Stadium nayo ikafungwa, na timu za Nairobi zikalazimika kuita Machakos nyumbani. Shabiki wa Gor Mahia au AFC Leopards aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Makadara au Jericho kwenda kuiona timu yake akajikuta anatafuta matatu ya kilomita 60 na zaidi. Kiingilio kilibaki shilingi mia chache. Uwanja ndio uliohama. Dar es Salaam nako, Uwanja wa Mkapa ulipoingia kwenye ukarabati, mechi za wakubwa zilikwenda Chamazi kwa Azam na baadaye Uwanja wa KMC, Mwenge. Chamazi hubeba kama watu 10,000. Anayelinganisha mahudhurio ya misimu hiyo na ya zamani, kisha akalalamika kwamba mashabiki wamekimbia, asisahau kwamba viti navyo vilikuwa vimepungua.

Mtuhumiwa wa pili, baada ya kiingilio, huwa televisheni. Hapa kuna ushahidi wa kushangaza kidogo. Ule msimu wa 1985/86, Uingereza ilipofika chini kabisa, ulianza bila mpira wa ligi kwenye televisheni kwa sababu klabu na vituo havikuwa vimeelewana kuhusu fedha. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa mwaka hakukuwa na kitu kwenye skrini, na bado majukwaa yalikuwa matupu kuliko wakati wowote. Kenya ilipita njia hiyo baadaye. SuperSport ilionyesha ligi yao kwa karibu mwongo mzima, watu wakasema ndiyo inayoua viwanja. Mwaka 2017 ikajiondoa. Viwanja havikujaa; kilichoonekana ni klabu kukosa fedha za mishahara na nauli. Kumbe aliyekuwa akitazama sebuleni hakuwa mtu aliyekuwa njiani kuja uwanjani. Kamera zilipoondoka, alipata tu mechi nyingine ya kutazama.

Na mechi hiyo nyingine ndiyo yenye makali. Nchini Uingereza kuna katazo la miaka mingi: Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwa saa zao, mechi za mpira hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni ya nchi hiyo. Sababu ni kwamba saa 9:00 alasiri ndipo timu ndogo za madaraja ya chini zinapocheza, na wenye mpira wao hawataki mtu wa Rochdale abaki nyumbani akitazama Arsenal. Yaani taifa lenye ligi tajiri kuliko zote limeamua kuwakinga wadogo wake dhidi ya ligi hiyo hiyo.

Katazo hilo linaishia mipakani kwao. Saa 9:00 alasiri ya London ni saa 11:00 au saa 12:00 jioni hapa kwetu, kutegemea majira. Mechi ambazo Mwingereza haruhusiwi kuziona sebuleni kwake, sisi tunaziona zote, Mbagala na Mwanjelwa, Kisumu na Kisii, kwenye king'amuzi cha nyumbani au kwenye kibanda umiza kwa kiingilio cha sarafu chache. Zinapoanza saa 11:00, mechi yetu ya saa 10:00 iko kipindi cha pili. Juu yake kuna mikeka: aliyebashiri mechi nane za Ulaya hana sababu ya kukaa dakika 90 mahali ambapo simu inashika mtandao kwa shida, akiangalia mechi ambayo hata haipo kwenye mkeka wake. Tumekosa kabisa kulijadili hili kwa uzito. Tunagombana kuhusu shilingi 3,000 au 5,000, wakati ratiba yetu inapangwa bila kutupia jicho ratiba ya mshindani aliye hai na anayejulikana.

Televisheni yetu wenyewe ina athari ya namna nyingine, nayo haipiti kwa mtazamaji bali kwa kiongozi wa klabu. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho letu la soka, walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Ni fedha zilizookoa klabu nyingi, na sitaki kusikia mtu akisema bora zisingekuja. Lakini zimebadilisha hesabu za ofisini. Klabu ya mkoani ikipokea mgao wake wa haki za matangazo, kisha ikatazama mapato ya milangoni ya mechi ya kawaida yakikatwa VAT, uwanja na makato mengine, haioni kwa nini ihangaike kubandika mabango au kutuma gari la matangazo mitaani. Wageni wake wakubwa ni wawili kwa mwaka, Simba na Yanga, na hao hujitangaza wenyewe. Siku hizo kiingilio hupandishwa mpaka mwenyeji wa mji anajiuliza kama anaadhibiwa, na vijana hupanda miti nje ya ukuta. Siku zilizobaki, ofisi ya klabu haina mtu ambaye kazi yake ni kuwaleta watazamaji.

Mikoani ndiko hasara ilikokwenda ndani zaidi. Kulikuwa na wakati ambapo Tukuyu Stars walitwaa ubingwa (1986), Coastal Union ya Tanga ikautwaa (1988), na Mtibwa Sugar ikauchukua mara mbili mfululizo (1999 na 2000). Tangu 2001 kombe limezunguka Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, isipokuwa msimu mmoja, 2013/14, Azam walipolibeba bila kupoteza mechi. Mchumi Simon Rottenberg aliandika mwaka 1956 kwamba mtazamaji hulipia shaka: matokeo yakijulikana mapema, hana haja ya kwenda. Kwetu nadharia hiyo inafanya kazi nusu. Kutawala kwa wakubwa wawili hakujawapunguzia mashabiki wao. Kumezinyang'anya klabu nyingine mashabiki wao. Mtoto wa Tanga anayezaliwa leo ana uwezekano mkubwa wa kuwa Simba au Yanga kabla hajajua kwamba kwenye Uwanja wa Mkwakwani kuna timu ya mjini kwao.

Azam FC wenyewe ni somo zuri. Wana uwanja wao, wana nyasi, wana taa, wana wachezaji wa bei na mishahara inayolipwa kwa wakati, na kiingilio chao si cha kumtisha mtu. Bado Chamazi hujaa zaidi siku wanapokuja wageni wa Kariakoo. Shabiki hanunuliwi kwa huduma peke yake. Yanga ina historia ya tangu 1935 na Simba tangu 1936. Kuna watu wameachiwa ushabiki na babu zao pamoja na shamba. Klabu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008 inashindana na urithi, na punguzo la tiketi halitoshi kwa vita hiyo.

Kuna sababu moja ambayo naiweka juu ya nyingine zote, na haigharimu chochote kuiondoa: kukosekana kwa imani kwamba mechi itachezwa. Tarehe 8 Mei 2021 watu walikwisha kuingia Uwanja wa Mkapa kwa dabi iliyopangwa saa 11:00 jioni. Siku hiyohiyo muda ukasogezwa hadi saa 1:00 usiku. Yanga walikuja kwa saa ya awali wakaondoka, Simba wakaja kwa saa mpya, mechi ikaahirishwa na watu wakarudi makwao. Ikachezwa Julai. Tarehe 8 Machi 2025 yakajirudia kwa sura nyingine: Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza kutocheza, na Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile ya mchezo. Kulikuwa na watu waliokwisha kusafiri kutoka mikoani. Dabi hiyo ikachezwa tarehe 25 Juni.

Rudi sasa kwa yule kijana wa Bunju, lakini mpe makazi Mbeya. Amelipa basi, amelipa mahali pa kulala, ameomba ruhusa kazini. Hata tiketi yake ikitambuliwa siku ya marudio, tiketi ndiyo ilikuwa sehemu ndogo ya alichopoteza. Msimu ujao hatasafiri. Atangoja kwenye televisheni, ambako mechi ikiahirishwa atabadilisha tu chaneli. Na hizo ni mechi kubwa. Kwa zile ndogo, ratiba hupanguliwa kwa taarifa ya siku chache na hakuna anayeona habari ya kuandika.

Je, basi kiingilio hakina maana? Kina maana, ila swali lake ni jingine. Hakiamui sana watu wangapi watakuja. Kinaamua watu gani. Uingereza ilijaza viwanja, lakini vijana wa mitaa iliyozunguka viwanja hivyo walibaki nje, na nafasi zao zikachukuliwa na watu wazima wenye kipato. Wenyewe walilipigania hilo. Februari 2016 Liverpool walitangaza tiketi ya pauni 77, na katika mechi dhidi ya Sunderland maelfu ya mashabiki wao waliinuka dakika ya 77 wakatoka. Timu ilikuwa inaongoza 2-0, ikaishia 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaufuta mpango wao, na kuanzia msimu uliofuata Ligi Kuu ikaweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi ya shabiki wa timu ngeni. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi kwa makusudi: jukwaa la kusini la Dortmund husimamisha watu karibu 25,000 kwa bei ya chini, ilhali klabu ingeweza kuweka viti na kutoza mara mbili. Wanajua kwamba kelele za jukwaa lile ndizo zinazouza kila kitu kingine.

Kwetu bei inauma zaidi katika mlango mmoja: familia. Kwa kijana wa peke yake 5,000 ni sehemu ya tatu ya gharama ya siku. Baba anayekwenda na watoto watatu anakata tiketi nne, na pale kiingilio ndicho kinachosema ndiyo au hapana. Mwanafunzi vilevile. Kwa hiyo punguzo la jumla kwa kila mtu, siku yoyote, ni fedha zinazomwagwa kwa watu ambao wangekuja hata hivyo. Punguzo la mtoto aliyeongozana na mzazi, au la mwanafunzi mwenye kitambulisho, au tiketi moja ya msimu mzima kwa mechi ndogo za nyumbani, linamfikia yule aliyekuwa akisita. Na linajenga shabiki wa miaka 20 ijayo, jambo ambalo kufungua mageti bure kwa mechi moja hakuliwezi; watu watakuja siku hiyo, kisha watangoja bure nyingine.

Uamuzi wangu, basi, ni huu: kwa mechi ya kawaida ya ligi, saa ya kuanza, umbali wa uwanja na uhakika wa ratiba vina uzito kuliko kiingilio, na kiingilio kina uzito hasa kwa mzazi na mwanafunzi. Anayebisha ana haki ya kubisha, na njia ya kumaliza ubishi ipo. Miaka kumi na kitu iliyopita TFF ilikuwa ikitoa taarifa baada ya mechi: wameingia watazamaji wangapi, zimekusanywa shilingi ngapi, VAT imechukua asilimia 18, uwanja na chama cha mkoa wamepata kiasi gani, na kila klabu imeondoka na mgawo gani. Siku hizi tiketi ni za kielektroniki na geti linahesabu lenyewe. Kabla ya AFCON 2027 haijatuletea viwanja vingine vya kujaza, Bodi ya Ligi itoe kwa umma hesabu ya kila mechi, ya Namungo na Mashujaa kama ya watani wa jadi, ikiwa na siku, saa na kiingilio chake. Tunaomba ianze na mechi za mzunguko wa kwanza wa msimu ujao.